Hesabu ya mgonjwa si kamari

Kila inapotangazwa dawa mpya ya majaribio kwa ugonjwa wa neva unaorithiwa, mgonjwa husemewa na watu wa aina mbili. Wa kwanza husema apewe tu, kwani atapoteza nini? Wa pili husema alindwe, maana mfa maji haishi kutapatapa, na mtu wa namna hiyo husaini karatasi yoyote anayowekewa mbele. Hubishana kwa ukali, lakini kuna jambo wamekubaliana bila kujua: wote wanamwona mgonjwa kama mtu asiyepiga hesabu. Hapo ndipo wanapokosea, na kosa hilo limeingia hadi kwenye namna majaribio yanavyopangwa, yanavyosimamishwa na yanavyotangazwa.

Nitautumia zaidi ugonjwa wa Huntington, kwa sababu unalionyesha jambo hili waziwazi kuliko mingine. Daktari George Huntington aliueleza mwaka 1872, na jeni inayousababisha ikapatikana 1993 kwenye kromosomu ya 4. Ndani ya jeni hiyo kuna herufi tatu, CAG, zinazojirudia. Mwenye marudio 40 au zaidi ataugua, mradi aishi umri wa kawaida. Mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Kwa wengi dalili huanza kati ya miaka 30 na 50: viungo vinacheza bila kuamriwa, hasira zinapanda pasipo sababu, mtu anashindwa kupanga mambo aliyokuwa akiyapanga bila hata kufikiri. Kuanzia hapo ni kushuka tu, miaka 15 au 20. Dawa zilizopo, kama tetrabenazine iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, hutuliza viungo visicheze. Ugonjwa wenyewe haziugusi.

Anayejitokeza kwenye jaribio la dawa ya ugonjwa huu mara nyingi ni mtu aliyemlisha babake kwa kijiko. Alimwona shangazi akifukuzwa kazi kwa kudhaniwa amelewa, na kaka mkubwa akiacha kuongea. Akielezwa kwamba sehemu ya washiriki watapewa plasebo, yaani dawa isiyo na kitu ndani, hahitaji mtafiti amwambie mambo ya kundi hilo yatakwendaje, kwa sababu amekaa nalo nyumba moja. Anapopima hatari za dawa, upande wa pili wa mizani hauna asilimia wala mchoro. Una watu wa ukoo wake. Ndiyo tofauti na ugonjwa unaomvamia mtu ghafla, ambao mgonjwa huujua kwa mara ya kwanza siku anapoambiwa anao.

Ushahidi kwamba watu hawa wanapiga hesabu umekuwapo tangu kipimo cha jeni kilipoanza kutolewa. Kabla ya hapo, wengi wa waliokuwa hatarini walisema kikija watakipokea kwa mikono miwili. Kilipokuja, waliokwenda kupima walikuwa wachache. Inakadiriwa ni mtu mmoja hadi wawili katika kila kumi. Wengine hawakuwa wajinga wala waoga. Waliona kwamba kujua, pale ambapo hakuna la kufanya, kuna gharama kubwa kuliko faida, wakaamua kulea watoto wao na kufanya kazi zao bila jibu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa wakati wake. Kinachowasumbua sasa ni kwamba majaribio yanasogea kuelekea watu ambao dalili zao ni changa au bado hazijatokea, na huko huwezi kuingia bila kujua hali yako. Dawa ikikaribia, hata kabla haijathibitika, kutokujua kunapanda bei. Sijaona fomu ya ridhaa inayolizungumzia hilo, na haiwezi kulizungumzia, kwa kuwa fomu huandikwa kwa ajili ya yule aliyekwisha kuamua kuja.

Mwaka 2019 kampuni ya Roche ilianza jaribio kubwa la tominersen, dawa iliyobuniwa na kampuni ya Ionis. Ni kipande kifupi cha kemikali kinachofanana na chembe za urithi. Hunasa ujumbe unaotoka kwenye jeni kabla haujageuzwa kuwa protini. Jaribio dogo la awali lilikuwa limeonyesha kwamba protini hiyo inapungua kweli kwenye maji ya uti wa mgongo, na familia nyingi duniani zikaipokea habari kama mwanzo wa mwisho wa ugonjwa. Washiriki 791 waliingia kwenye jaribio kubwa.

Dawa hiyo haimezwi. Mshiriki hulala ubavu, magoti ameyavuta kifuani, kidevu amekiinamisha. Daktari hupapasa nafasi kati ya pingili za chini za mgongo, hutia ganzi, kisha sindano ndefu huingia hadi kwenye maji yanayouzunguka uti. Maji kidogo hutolewa, dawa huingizwa. Kwa mtu ambaye mwili wake hautulii, kutulia dakika zile ni kazi nzito peke yake. Baadaye kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa, maumivu yanayopungua akilala na kurudi akisimama. Aliyepangiwa plasebo huchomwa vilevile. Halafu wiki chache zinapita, anarudi tena. Mtu anayerudi kitandani kwa sindano hiyo mara ya tano au ya sita hatapatapi. Anafanya kazi ya utafiti, na ingefaa tuiite hivyo.

Machi 2021 kamati huru inayofuatilia takwimu ilishauri dozi zisimamishwe. Ikaja kujulikana kwamba waliokuwa wakipewa dawa kila baada ya wiki 8 walikuwa wakienda vibaya kuliko wale wa plasebo. Kusimamisha kulikuwa sahihi. Ndiyo kazi ya kamati hizo. Lakini tuangalie habari husafiri vipi katika hali kama ile. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa haiwezi kumnong'oneza mtu mmoja jambo linaloweza kutikisa bei ya hisa. Inatakiwa kulitoa kwa wote kwa wakati mmoja. Sheria hiyo ni nzuri kwa mwekezaji. Kwa aliyetoboa mgongo wake kwa ajili ya dawa, maana yake ni kwamba hana nafasi ya kuambiwa kwanza na muuguzi anayemfahamu. Anaweza kulisoma kwenye simu akiwa ndani ya basi, sawasawa na mtu aliyenunua hisa tano. Sidai sheria ya masoko ivunjwe. Nadai kwamba kila kituo cha jaribio kiwe na wahudumu waliokwisha kuelekezwa namna ya kuwapigia washiriki simu saa ileile tangazo linapotoka, na hilo liandikwe kwenye mpango wa jaribio kabla mshiriki wa kwanza hajasaini. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kila kitu kingine kinacholipiwa kwenye jaribio.

Wapo pia waliokuwa wakijisikia nafuu. Katika majaribio ya aina hii hawakosekani: mtu anaona mikono imetulia, mke wake anaona amerudi kucheka, halafu takwimu zinasema dawa haikusaidia. Hapa lazima niwe mkweli hata kama upande ninaoutetea hautafurahi. Ujuzi wa mgonjwa kuhusu ugonjwa wa ukoo wake hauwezi kuchukua nafasi ya kundi la ulinganisho. Ugonjwa huu hutofautiana kati ya mtu na mtu ndani ya familia moja. Babake kuanza kuanguka akiwa na miaka 45 hakusemi mwanawe ataanguka lini. Mtu anayetembelewa na madaktari kila baada ya wiki kadhaa, anayelala vizuri kwa sababu sasa ana tumaini, anaweza kuwa na nafuu ya kweli isiyotokana na dawa. Daktari Paul Appelbaum na wenzake mwaka 1982 walilipa jina kosa la mshiriki kudhani kwamba kila anachofanyiwa kwenye utafiti kimepangwa kwa faida yake binafsi. Kosa hilo lipo hadi leo, na madaktari nao hawajasalimika nalo.

Kwa hiyo ushuhuda wa mgonjwa usitumike kuamua kama dawa inafanya kazi. Utumike kuamua kitu ambacho takwimu peke yake haziwezi: kufanya kazi ni kufanya nini.

Kuna kipimo cha siku nyingi cha Huntington kinachohesabu uwezo wa jumla wa mtu kujiendesha, chenye alama 13. Kazi ina alama 3, fedha 3, shughuli za nyumbani 2, kujihudumia 3, na kiwango cha matunzo anachohitaji 2. Siku hizi alama hizo hujumlishwa na za vipimo vingine vitatu: mwendo wa viungo, kulinganisha alama na namba kwa sekunde 90, na kusoma maneno haraka. Jumla yake ndiyo inayotumika kutangaza kama dawa imepunguza kasi ya ugonjwa. Ukiitazama orodha hiyo utaona kinachokosekana: hasira haimo, na ile hali ya mtu kukaa kitini siku nzima asitake lolote haimo. Waulize wanaoishi na wagonjwa ni nini kilichovunja nyumba, na mara nyingi hawatataja mikono inayocheza. Watataja maneno yaliyosemwa mbele ya watoto, au mume aliyebaki palepale huku ameshaondoka. Mambo hayo ni magumu kupima, nakubali. Hata hivyo ugumu wa kupima umegeuka kuwa sababu ya kutohesabu, na dawa inaweza kutangazwa imefaulu bila mtu yeyote kujua kama nyumba imetulia.

Maneno "kupunguza kasi" nayo yana sura mbili. Kwa mtafiti, mstari kwenye grafu umelala zaidi. Kwa mgonjwa inategemea mstari ule umelazwa akiwa wapi. Aliye bado kazini, anayeendesha gari na kusaini hundi zake mwenyewe, akiongezewa miaka mitano ya hali ileile amepewa zawadi kubwa. Aliyekwisha kushindwa kumeza akiongezewa miaka mitano hapo alipo, kuna familia zitakazoshukuru na kuna zitakazouliza kimyakimya kwa nini. Dawa ni moja na asilimia ni ileile, lakini watu hao wawili wamepewa vitu tofauti kabisa. Majaribio yakichapisha matokeo bila kusema wagonjwa wenyewe walitaka kasi ipunguzwe katika hatua gani, yanakuwa yamejibu nusu ya swali.

Hesabu ngumu zaidi ni ya tiba za jeni. Nyingi hubebwa na kirusi kisicho na madhara, ambacho mwili hukijengea kingamwili. Ukishapewa mara moja, dozi ya pili ya kirusi cha aina hiyo mwili huikataa, na mara nyingi hutaruhusiwa kuingia kwenye jaribio la tiba nyingine itakayokuja kesho. Kwa hiyo wanaouliza atapoteza nini wajibiwe: anapoteza foleni nzima iliyo nyuma ya dawa ya kwanza. Wazazi wa watoto wenye Duchenne, ambao ni ugonjwa wa misuli lakini hesabu yake ni hiihii, wamekaa na swali hilo miaka sasa. Tiba ya jeni iitwayo Elevidys iliidhinishwa Marekani Juni 2023. Mwaka 2025 vijana wawili waliokuwa wameshaacha kutembea walikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi baada ya kuipokea. Kabla ya hapo wapo wazazi waliopigania watoto wasiotembea waruhusiwe kuipata, wakisema mikono inayoweza kushika kikombe nayo ni uhai. Bado wapo wanaosema hivyo, na siwezi kuwaita wajinga. Ningeomba tu waambiwe kila kitu, pamoja na yale ambayo hukaa mwisho wa ukurasa.

Mfano wa kukaa mwisho wa ukurasa ni Skysona, tiba ya watoto wa kiume wenye adrenolukodistrofi, ugonjwa wa kurithi, ya aina inayoshambulia ubongo. Kati ya watoto 67 waliotibiwa kwenye majaribio, 10 walikuwa wamepata saratani za damu kufikia 2025. Kwa ugonjwa unaoweza kuua mtoto ndani ya miaka michache, kuna mzazi atakayeikubali namba hiyo akiwa na akili timamu. Lakini kama mtoto huyo ana ndugu anayeweza kumtolea uboho unaolingana, hesabu inageuka. Namba peke yake haiamui. Inaamua ikikaa karibu na njia nyingine zilizopo.

Upande wa kushinikiza mamlaka, wagonjwa wamefanya mengi, na si yote ya kusifiwa. Aprili 2016 familia za Duchenne zilijaza ukumbi ambapo washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walikuwa wakijadili eteplirsen, dawa ya ugonjwa huo. Ushahidi mkuu ulitokana na wavulana 12. Washauri hawakuridhika, Septemba mwaka huo dawa iliidhinishwa hata hivyo, na jaribio la kuthibitisha likaachwa lije baadaye. Miaka ikapita bila jibu, bei kubwa ikilipwa. Linganisha na tofersen, dawa ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, kwa aina inayotokana na jeni ya SOD1, ambayo ni takriban asilimia 2 ya wagonjwa wote wa ALS. Jaribio lake la watu 108 lilidumu wiki 28 na halikufikia lengo lake kuu. Lakini kiashiria cha kuumia kwa neva kwenye damu kilishuka waziwazi, wagonjwa walioendelea nayo muda mrefu walieleza walichokiona, na Aprili 2023 ikaidhinishwa kwa masharti, huku jaribio jingine kwa watu wasio na dalili tayari likiwa limekwisha anza. Mara zote mbili sauti ya wagonjwa ilikuwa kubwa. Tofauti ni kwamba mara ya pili kulikuwa na kipimo cha kibaolojia kinachoiunga mkono na utafiti uliokuwa ukiendelea. Sheria ya Marekani ya mwishoni mwa 2022 sasa inairuhusu FDA kudai jaribio la kuthibitisha liwe limeanza kabla ya idhini ya haraka kutolewa. Ningekuwa mtetezi wa wagonjwa ningeishika sheria hiyo kama silaha yangu, sio kizuizi changu.

Hayo yote yanakutana kwenye ubishi wa AMT-130, tiba ya jeni ya Huntington ya kampuni ya uniQure. Huingizwa kwa upasuaji wa saa nyingi, mirija myembamba ikipitishwa hadi ndani kabisa ya ubongo. Septemba 2025 kampuni ilitangaza kwamba kwa waliopewa dozi kubwa, ugonjwa ulipungua kasi kwa asilimia 75 katika miaka 3. Waliofikisha miaka hiyo mitatu walikuwa 12. Walilinganishwa na wagonjwa wa nje ya jaribio, waliochaguliwa kutoka Enroll-HD, rejesta ya kimataifa yenye zaidi ya washiriki 20,000. Novemba kampuni ikasema FDA haikubali tena kwamba ulinganisho wa namna hiyo unatosha kuwa ushahidi mkuu.

Watu 12 ni wachache, na wanaokubaliwa kufanyiwa upasuaji kama ule huwa na afya bora na familia zinazowashika mkono kuliko mgonjwa wa kawaida wa kwenye rejesta. Hofu ya FDA ina msingi. Lakini njia mbadala ni ipi? Hatua ya mwanzo ya jaribio hili ilikuwa na washiriki waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza, fuvu likatobolewa juu juu bila dawa kuingia, na baadaye wakapewa nafasi ya tiba yenyewe. Ugonjwa unaokwenda polepole hauonyeshi tofauti kwa mwaka mmoja, kwa hiyo jaribio la kuigiza lenye majibu lingehitaji miaka mitatu hivi, na miaka hiyo ingekatwa kutoka kwenye kile kipindi kifupi cha kuendesha gari na kusaini hundi ambacho dawa inadai kukilinda. Mimi naegemea upande wa idhini ya masharti: vituo vichache, kila aliyepasuliwa afuatiliwe na matokeo yachapishwe kila mwaka yakiwa mazuri au mabaya, tabia na hasira zikipimwa pamoja na viungo, na idhini ifutwe mstari usipobaki palepale.

Kuna kundi moja ambalo halikuulizwa lolote katika ubishi huo: wale wa Enroll-HD wenyewe. Wamekuwa wakifika kliniki kila mwaka, wakitoa damu, wakisoma maneno haraka na kulinganisha alama na namba kwa sekunde 90, bila kupewa dawa yoyote, ili siku moja rekodi zao ziweze kusimama mahali pa plasebo ya mtu mwingine. Kama rekodi hizo hazitoshi, waelezwe kilichokosekana ni kipimo gani, ili kianze kuchukuliwa watakapofika mwaka ujao.